Breka ya usalama inaanguka kila mara: namna ya kumpata mkosaji nyumbani mwako

Niliwahi kuitwa nyumba moja ya Mji wa Kale, Mombasa, ghorofa ya pili, kwa sababu maji ya bafuni yalikuwa "yanauma". Mtoto akigusa bomba wakati wa kuoga, analia. Nilipofungua kisanduku cha breka nilikuta kipande cha waya mwekundu, urefu wa shibiri, kimetolewa juu ya breka ya usalama kikaingizwa chini yake, na chenzake cheusi kando. Breka yenyewe ilikuwa ingali mahali pake, safi, na kitufe chake cha kujaribia, lakini stima yote ya nyumba ilikuwa ikiikwepa.

"Ilikuwa yatusumbua, fundi," mama mwenye nyumba akaniambia. "Kila siku yaanguka. Akaja kijana mmoja akaitengeneza."

Hita ya shawa ilikuwa inavujisha stima ndani ya maji. Kitu pekee katika nyumba ile kilichokuwa kikisema hivyo, tena kila siku, kilikuwa kimezibwa mdomo. Nimeandika mwongozo huu kwa yeyote ambaye breka yake inamsumbua leo na ameshaanza kufikiria kumwita kijana wa namna hiyo. Mkosaji hupatikana. Mara nyingi utampata mwenyewe bila kushika bisibisi, na pale ambapo lazima fundi aje, utamkabidhi kazi iliyokwisha fika nusu.

Ni breka gani iliyoanguka?

Simama mbele ya kisanduku utazame kabla ya kupandisha chochote. Hakikisha pia mita ya tokeni ina yuniti. Nimeitwa zaidi ya mara moja nyumba ambayo tokeni tu ndizo zilizokwisha.

Kisanduku cha kawaida kina swichi za aina tatu. Kuna meni swichi, ya kuzimia nyumba nzima. Kuna breka ya usalama: upana wake ni wa breka ndogo mbili, ina kitufe kidogo chenye herufi T, na usoni utasoma 30 mA au 0.03 A. Wengine huiita RCD, wengine RCCB, na mafundi wakongwe bado wanaiita ELCB. Halafu kuna breka ndogo ndogo zenye alama kama B6, C10, C20 au B32, kila moja na saketi yake: taa, soketi, jiko, shawa.

Ikiwa iliyoanguka ni breka ndogo, stima imekuwa nyingi kuliko uwezo wa saketi ile. Hilo ni tatizo lingine na nalimaliza haraka. Breka ikikaa dakika kadhaa ndipo ianguke, na ukiigusa ina joto, umeibebesha saketi mzigo mzito. Birika la wati 2,000 hula ampea 8 na kitu kwenye stima yetu ya volti 240. Pasi ya wati hizo hizo vivyo hivyo. Ongeza oveni ndogo kwenye saketi ile ile ya ampea 20, na breka lazima ishuke. Gawanya mzigo. Breka ikianguka papo hapo kwa kishindo kila unapoipandisha, laivu (waya unaoleta stima) imegusana na nyutro (unaoirudisha) au na waya wa athi (unaopeleka ardhini stima iliyovuja). Acha kuipandisha, mwite fundi. Na ikianguka pale tu AC au pampu inapoanza kunguruma, tazama herufi. Breka ya B hukata mara moja mkondo ukifika mara 3 hadi 5 za namba yake, na mota huvuta stima nyingi mno wakati wa kuanza. Ya C hungoja mara 5 hadi 10, na fundi anaweza kuiweka akishapima kwamba waya na athi vinairuhusu. Herufi ndiyo hubadilishwa. Namba haiguswi: breka ya 20 inalinda waya uliofukiwa ukutani, na ukiweka ya 32, waya huo ndio utakaoungua badala ya breka kukata.

Visanduku vingine vipya vina breka ndogo ambazo kila moja ina kitufe chake cha T. Kama chako ni cha aina hiyo una nafuu kubwa, kwa maana breka iliyoanguka imekwisha kukutajia saketi.

Kuanzia hapa nazungumzia breka ya usalama peke yake.

Inahesabu nini?

Breka ya usalama haijali unatumia stima kiasi gani. Kazi yake ni ya karani wa tali pale bandarini Kilindini: anahesabu magunia yaliyoshuka melini, anahesabu yaliyoingia ghalani, na hesabu zikitofautiana kazi inasimama. Stima inayokwenda kwa laivu lazima irudi yote kwa nyutro. Isiporudi yote, iliyopungua imepata njia nyingine: bati la friji, maji, ukuta mbichi, au mtu.

Upungufu wa miliampea (mA) 30 lazima uiangushe. Chini ya nusu ya hapo, yaani 15, haitakiwi kuanguka. Kati ya 15 na 30 yaweza kuanguka na bado ikawa nzima kabisa. Zishike namba hizo mbili, tutazihitaji. Ikifika 30 inatakiwa ikate ndani ya milisekunde 300, na ikifika mara tano ya hapo, ndani ya milisekunde 40. Kasi hiyo ndiyo inayomwachia mtu uhai wake.

Daftari kwanza

Kabla hujachomoa kitu, tafuta karatasi uibandike karibu na kisanduku. Kila breka ikianguka andika: saa ngapi, hali ya hewa, nini kilikuwa kinafanya kazi, nini kilikuwa ndiyo kwanza kimewashwa, kama stima ilikuwa imekatika na kurudi, na, kwa sisi wa Mombasa, mlikuwa mnatumia maji gani siku hiyo. Wiki moja hutosha. Watu huona hatua hii ni ya kupoteza wakati, nami naiona ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu breka inayoanguka mara moja kwa siku mbili haitaanguka fundi akiwa amesimama hapo.

Karatasi ikijaa, isome hivi.

Inaanguka mvua ikinyesha, hasa miezi ya masika kuanzia Machi hadi Mei, halafu jua likiwaka mchana inatulia: mkosaji yuko nje. Taa ya ukutani, soketi ya barazani, kengele ya geti, kiungo cha waya juu ya paa.

Inaanguka usiku watu wamelala, kila baada ya saa kadhaa: friji isiyoganda barafu. Ndani yake mna kihita kidogo kinachowashwa mara kwa mara kuyeyusha barafu, na kikipata ufa huvujisha kila kinapowaka. Mshukiwa wa pili wa usiku ni pampu inayojiwasha yenyewe tangi la juu likipungua.

Inaanguka stima ikirudi baada ya kukatika: friji, AC na pampu vyote vinaanza pamoja, volti inaruka, na vichungi vilivyo ndani ya kompyuta na televisheni vyote humwaga kidogo kwenye athi kwa mpigo. Hapo huenda hakuna kilichoharibika. Kabla ya kurudisha stima shusha breka ndogo, kisha pandisha moja moja. Hali ikijirudia, fundi akuwekee kinga ya mipigo ya volti kwenye kisanduku.

Inaanguka kila kifaa kikubwa kinapowashwa, hata kiwe chumba gani: shuku nyutro. Nitalirudia hili kwa urefu, kwa sababu ndilo linalowapotezea watu pesa nyingi.

Inaanguka bila mpangilio wowote unaouona: uvujaji mdogo mdogo umejumlishana.

Kuchomoa na kurudisha

Zima meni swichi. Shusha breka ndogo zote. Kisha zunguka nyumba nzima uchomoe kila plagi. Nasema uchomoe, kwa sababu swichi ya soketi nyingi hukata laivu peke yake. Nyutro na athi hubaki zimeshikana na kifaa, na kosa lililoko upande wa nyutro litaendelea kukuangusha huku wewe ukidhani umezima. Usisahau vilivyojificha: friji nyuma ya kabati, kisanduku cha intaneti, dikoda, chaja zilizobaki ukutani, pampu ya chini. Vile visivyo na plagi, kama shawa na AC, vizime kwa swichi zao za ukutani.

Sasa washa meni swichi, pandisha breka ya usalama peke yake. Ikikataa kukaa hali breka ndogo zote ziko chini, umefika mwisho wa kazi yako. Kosa liko kwenye nyutro, ndani ya kisanduku, au kwenye breka yenyewe, na hayo ni ya fundi.

Ikikaa, pandisha breka ndogo ya kwanza. Ngoja dakika mbili tatu. Pandisha ya pili. Ngoja. Ikianguka, shusha ile uliyoipandisha mwisho na uendelee na zilizobaki, uone kama nyumba inakaa bila hiyo. Ikikaa, umeipata saketi: andika jina lake. Kwa kuwa hakuna kifaa kilichochomekwa, kosa liko kwenye nyaya za saketi ile, au kwenye kitu kilichofungwa moja kwa moja, kama taa ya nje.

Zote zikipanda na breka ikakaa, nyaya huenda zina afya njema, angalau kwa leo, na washukiwa wa kwanza ni vifaa (kosa la nyutro, nitakalolieleza mbele, hujificha mpaka mzigo uwashwe). Virudishe kimoja kimoja. Hapa nakuomba subira. Kosa la pasi, birika au oveni mara nyingi halionekani mpaka kiwe na moto, basi kiache kifike joto lake la mwisho. Mashine ya kufulia iache ifike hatua ya kupasha maji. Friji ipe mchana na usiku, ili kile kihita chake kipate zamu.

Ukikipata kifaa kimoja kinachoangusha breka kila kinapowashwa, kwenye soketi ya saketi yoyote, kabla hujakitupa kipeleke kwa jirani mwenye breka ya usalama ukijaribu kwake. Kikiangusha na huko, ni chenyewe. Kisipoangusha, rudi nyumbani usome sehemu inayofuata.

Aliyechomekwa mwisho si lazima awe mkosaji

Huu ndio mtego mkubwa wa kurudisha kimoja kimoja. Vifaa vizima pia huvujisha kidogo kwa asili yake. Kompyuta ya mezani, mashine ya kufulia na vifaa vingi vyenye kichungi ndani hupeleka sehemu ya stima kwenye athi kwa makusudi. Viwango vimeruhusu hadi miliampea 3.5 kwa kifaa kimoja chenye athi. Chukua mfano: mashine ya kufulia 3, kompyuta mbili pamoja 3, friji kuukuu 2, hita ya maji yenye kipashio kilichochoka 8. Jumla ni takriban 16. Umekwisha vuka 15. Breka inaning'inia tu. Anakuja mgeni, anachomeka chaja ya kompyuta yake, breka inaanguka, na chaja inalaumiwa bure.

Dawa ni kubadili mpangilio. Rudia kazi ukianza na kifaa kilichokuwa cha mwisho. Ikiwa kila safari kinachoangusha ni kitu tofauti, tatizo lako ni jumla. Fundi mwenye mita ya kubana inayosoma miliampea huizungusha kwenye laivu na nyutro kwa pamoja, akasoma moja kwa moja kiasi kinachovuja, saketi baada ya saketi. Lengo zuri ni uvujaji wa kawaida usizidi asilimia 30 ya uwezo wa breka, yaani miliampea 9. Ukizidi, kwanza tafuta kama kuna kifaa kilichochoka kama ile hita ya 8. Kama vyote ni vizima lakini ni vingi, nyumba imekua kuliko breka moja: zigawe saketi, kila moja au kila kundi lipate breka yake ya miliampea 30. Ni gharama, lakini inakupa faida nyingine kubwa, kwamba shawa ikileta shida friji yenye samaki haizimiki nayo.

Nyutro

Nyumba moja ya Bamburi walikuwa wamenunua pasi tatu. Kila wakipiga pasi chumba cha juu, breka inaanguka, na pasi inahukumiwa. Pasi ya tatu ilikuwa mpya kutoka kwenye boksi. Baba wa nyumba aliniambia kwa hasira kwamba siku hizi wanauziwa takataka. Nilimwomba birika la jikoni, nikalichomeka ukumbini: breka chini. Nikalichomeka jikoni: chini. Nikachomeka taa ndogo ya mezani: ikakaa.

Zingatia namna ilivyokuwa. Kifaa chochote kizito, mahali popote, kinaangusha; kidogo hakiangushi. Hiyo ni sura ya nyutro iliyogusana na athi mahali fulani. Breka ndogo ya nyumbani hukata laivu tu, na nyutro zote za nyumba zimeungana kwenye reli moja ndani ya kisanduku. Kwa hiyo hata ukiishusha breka ya saketi yenye kosa, nyutro yake bado inagusa athi, na stima inayorudi kutoka kwa pasi ya juu inakuta njia mbili: nyingi inarudi kwenye reli, kidogo inapotelea kwenye athi. Mzigo mwepesi hupoteza kidogo mno kiasi cha kutosikika. Mzigo mzito huvuka 15, na karani anasimamisha kazi.

Kosa nililikuta kwenye soketi ya televisheni, ambako hakuna aliyewahi kupashuku. Lile boksi la chuma lililofukiwa ukutani lilikuwa limekula kutu mpaka linamomonyoka kwa kidole, na skurubu ya soketi ilipokazwa upya baada ya kupaka rangi ukuta, ilipita pembeni ya tundu lake ikauma mpira wa waya mweusi, yaani nyutro. Jeraha lilikuwa dogo kama jicho la sindano. Pande zile pande zile nimekuta pia msumari wa picha, na fimbo ya pazia iliyotobolewa juu ya waya.

Kosa hili fundi hulitafuta hivi. Anazima meni swichi, anahakikisha kwa kipimo kwamba kisanduku kimekufa kweli, kisha anatoa nyutro moja moja kutoka kwenye reli na kuziwekea alama. Anapima kila nyutro dhidi ya athi kwa mega ya volti 500, kipimo cha kuona kama mpira wa waya bado unazuia stima, vifaa vyote vikiwa vimechomolewa. Kiwango cha chini kinachokubalika ni megaomu 1, yaani omu milioni moja za kuizuia stima. Saketi nzuri hutoa mamia. Mita ya kawaida ya betri haifai kwa kazi hii, kwa kuwa volti zake chache haziwezi kuamsha kosa linalojitokeza chini ya volti 240. Gawanya mwenyewe volti kwa omu uone: volti 240 kwa omu 16,000 ni miliampea 15, kwa omu 8,000 ni 30. Kwenye megaomu 1 ni chini ya robo ya miliampea. Ndiyo maana saketi inayosoma nusu megaomu leo bado haijaangusha breka, ila iko njiani, na fundi mzuri ataiandika. Penye kinga za mipigo ya volti au vifaa vya elektroniki visivyochomoka, mega hushushwa hadi volti 250 na laivu na nyutro hufungwa pamoja kabla ya kupima dhidi ya athi, ili visiungue.

Nyutro ina ugonjwa wa pili, unaozuka nyumba zilizoongezwa ghorofa. Taa ya ngazi yenye swichi mbili, chini na juu, inachukua laivu kutoka saketi ya chini na nyutro kutoka saketi ya juu. Chini ya breka moja ya usalama haina neno. Siku kisanduku kikigawanywa kuwa na breka mbili, kila taa ile ikiwashwa breka huanguka, kwa kuwa stima imetoka kwa karani mmoja ikarudi kwa mwingine. Hakuna kinachovuja. Fundi arudishe nyutro kwenye saketi yake.

Wakosaji wa huku kwetu

Namba moja ni shawa ya umeme. Nyingi zina kipashio kilicho uchi ndani ya maji, na zimetengenezewa maji yasiyopitisha stima vizuri. Maji ya mfereji yanayotoka Mzima na Baricho hayana shida kubwa. Yakikatika, nyumba nyingi hufungulia maji ya kisima, na visima vyetu vya pwani vina chumvi. Chumvi hupitisha stima. Ndiyo maana nilikuambia uandike aina ya maji: breka inayoanguka siku za kisima tu imekwisha kumtaja mkosaji. Dukani ulizia shawa ya maji ya chumvi, ambayo kipashio chake kimefunikwa. Na ukiona waya wa kijani wa shawa, yaani wa athi, umekatwa au umefungwa utepe bila kuungwa, usioge hapo mpaka uungwe. Kuna mafundi huukata ili breka isianguke, na ukishakatwa stima iliyomo ndani ya maji haina pa kwenda isipokuwa kwako.

Namba mbili ni pampu ya tangi la chini. Kagua kiungo cha waya: nimekuta viungo vilivyofungwa kwa utepe tu vinaelea ndani ya tangi. Kiungo kiwe juu, kwenye kisanduku kisichopitisha maji.

Vipashio vya oveni na vya hita vina unga ndani yake unaonyonya unyevu. Oveni inayoguswa siku za Idi peke yake itaangusha breka asubuhi ya Idi, mbele ya wageni, kwa sababu imekaa miezi ikinywa hewa ya bahari. Kikipimwa baridi kinaonekana kibovu, na wakati mwingine fundi akikikausha kwa joto la nje hupona. Asikikaushe kwa kuiruka breka.

AC za nje hupata chumvi kwenye viungo vya nyaya, hasa nyumba zinazotazama bahari. Zioshwe na kukaguliwa kabla ya joto la kaskazi. Nyumba za Mji wa Kale zina jambo lake: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hushika chumvi, na chumvi huvuta unyevu mwaka mzima, basi maboksi ya chuma ndani ya kuta hizo yana umri mfupi. Huko napendelea maboksi ya plastiki, na nyaya zipite juu ya ukuta kwenye mabomba ya plastiki. Na usidharau mijusi na sisimizi. Nimefungua taa ya barazani nikakuta mjusi amekauka katikati ya laivu na bati, mkia bado mzima. Alikuwa ameiangusha breka kila usiku wa umande kwa mwezi mmoja.

Je, ikiwa ni breka yenyewe?

Mshuku mwisho, usimshuku mwanzo. Fundi mwenye kipimo chake huongeza uvujaji polepole akaona inaanguka kwenye miliampea ngapi na kwa muda gani. Ikianguka kwenye 22 au 26, iache. Ikianguka kwenye 11, imechoka. Kabla ya kuibadilisha akaze skurubu zake zote, kwa maana nyutro iliyolegea huzua mengi.

Ukinunua nyingine, tazama alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na uulize aina. Breka ya aina AC (hapa ni jina la aina, si kiyoyozi) ni ya vifaa vya kale. Penye mashine za kufulia na viyoyozi vya inveta nunua aina A, kwa sababu vifaa hivyo vyaweza kuvujisha stima ya namna ambayo aina AC haiioni. Usikubali ya miliampea 100 au 300 badala ya 30. Hizo huwekwa kuzuia moto, wala hazimlindi mtu.

Kila miezi mitatu bonyeza T. Isipoanguka, haifanyi kazi. Ibadilishe wiki hiyo hiyo. Kitufe hicho hujaribu breka tu, hakikwambii lolote kuhusu athi yako, na athi nayo ina neno lake hapa. Nyumba isiyo na athi njema huonekana tulivu: breka haianguki, kwa sababu stima inayovuja haina njia, mpaka mtu aguse awe ndiye njia. Nondo ya athi iliyopigwa kwenye mchanga mkavu au juu ya jiwe la matumbawe husoma omu nyingi, na miezi ya kaskazi huzidi. Kwa hesabu, breka ya miliampea 30 inamlinda mtu hata kwenye omu 1,667, lakini juu ya 200 athi yenyewe haiaminiki. Omba ipimwe na iongezewe nondo.

Kumwita fundi

Muulize leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati Kenya, na umwulize kama ana mega. Asiye na mega atabahatisha kwa pesa zako. Mpe karatasi yako, saketi uliyoipata, na vifaa ulivyovijaribu kwa jirani. Muhuri wa mita na waya unaotoka nguzoni ni vya Kenya Power. Asivifungue yeye wala wewe. Akimaliza, akuandikie namba mbili kwa kila saketi: megaomu alizosoma, na miliampea zinazovuja. Zibandike ndani ya mlango wa kisanduku.

Katika ile nyumba ya Mji wa Kale namba hizo bado zipo. Tuliziondoa zile nyaya mbili, breka ikakataa kukaa, kama ilivyopasa. Tukabadilisha shawa, tukauunga waya wa kijani, breka ikakaa, na uvujaji wa nyumba nzima ukasoma miliampea 4. Mama akaniuliza kama breka itaanguka tena. Nikamwambia huenda masika yakija, soketi moja ya barazani inasoma megaomu 2 na bado hajaamua kuibadilisha. Nikaizungushia duara kwa kalamu nyekundu.